Bei ya haki ya gari kongwe Unguja

Gari la zamani likiuzwa Unguja, bei hutajwa kwa mizani mbili, na zote mbili zimepinda. Muuzaji amesikia kwamba Morris Minor kama yake inakwenda kwa maelfu ya pauni huko Uingereza, akazigeuza pauni kuwa shilingi na kuishia hapo. Mnunuzi naye akifunua boneti akaona injini ya Toyota, husema hili ni chuma chakavu, akataja bei ya skrepa. Wa kwanza amesahau kwamba gari lake limekaa miaka sitini karibu na bahari. Wa pili amesahau kwa nini injini ile imo humo. Ninavyoona mimi, bei ya haki ya gari kongwe kisiwani hapa huamuliwa na bodi na karatasi kwanza. Injini iliyobadilishwa, ambayo kwingineko huangusha thamani, hapa haistahili adhabu hiyo, na sababu yake imo katika historia ya kisiwa chenyewe.

Motakaa hazikuikuta Unguja bila usafiri wa mashine. Tangu 1905 palikuwa na treni iliyoanzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya Mji Mkongwe hadi Bububu, na serikali ikainunua 1911. Barabara zilipotengenezwa, motakaa na malori yakainyang'anya abiria, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 treni ilikuwa imebaki hadithi. Kwa kuwa visiwa vilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza hadi Disemba 1963, haishangazi kwamba majina yanayotajwa sana ni ya magari yaliyotengenezwa kwao: Morris, Austin, Ford, Land Rover, na malori ya Bedford. Volkswagen na Peugeot ziliingia kwa sifa nyingine, ile ya mashindano ya magari ya Safari Rally yaliyoanzishwa 1953. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Mpaka leo mzee akiisifu 404 usidhani anaota tu; gari lile lilipimwa katika tope la Afrika Mashariki mbele ya macho ya watu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mali nyingi zilitaifishwa, na wengi waliokuwa na uwezo wa kununua magari waliondoka. Magari yalibaki, wenyewe wakabadilika. Kisha mlango wa spea ukafungwa polepole. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Nairobi na Mombasa, ambako makampuni mengi ya magari yalikuwa na bohari zao, zikawa nchi ya mbali. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vilimeza fedha za kigeni. Karafuu nayo, tegemeo la Zanzibar, ikaporomoka bei katika miaka ya 1980 baada ya Indonesia, mnunuzi wake mkubwa, kujitosheleza kwa mashamba yake. Nafuu ilianza 1984 Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar na biashara ikafunguliwa, bidhaa zikamiminika kutoka Dubai na magari yaliyotumika yakaanza kuja kutoka Japani. Katika miaka hiyo ya dhiki fundi alikuwa na njia moja ya kuliweka gari barabarani: kulivua gari lililokufa ili kulivisha lililo hai. Na Toyota zilipoingia, injini zake na spea zake zikawa rahisi kupatikana kuliko za Morris, na magari yaliyokuwa yamelala yakapata pumzi.

Sasa wapenzi wa magari ya kale watapinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema gari kongwe hununuliwa kwa uasili wake; ukitoa injini iliyotoka nayo kiwandani umetoa nusu ya sababu ya kulinunua. Kwa soko la Ulaya ni kweli. Hata hapa, gari lenye injini yake ya kwanza, na namba inayolingana na kadi ya usajili, linastahili kuongezewa bei, tena nyongeza ya maana, kwa sababu yaliyobaki hivyo ni machache. Lakini kuongeza bei kwa kilicho adimu ni tofauti na kuipunguza kwa kilicho cha kawaida. Ikiwa magari mengi ya umri huo yamepitia mikono ileile ya mafundi katika miaka ileile ya shida, basi injini ya pili ni sehemu ya historia ya gari la Unguja. Mnunuzi aulize kazi ilifanywaje: mikono ya injini imechomelewa sawasawa? Breki zinatosha nguvu mpya? Mabadiliko yameandikwa kwenye kadi? Majibu yakiwa mazuri, asikate bei. Nitaweka mpaka mmoja tu: bodi ikiwa ya gari moja na namba ya chesisi ya jingine, hapo hakuna cha kupatana.

Kinachoua gari Unguja ni chumvi. Hewa ya bahari na unyevu wa masika haviachi gari lolote, na gari lililopelekwa Paje au Jambiani likaendeshwa mchangani huirudisha chumvi hiyo uvunguni. Hapa ndipo mkaguzi anapotakiwa kujua gari lilivyoundwa. Morris Minor haina chesisi ya kujitegemea; bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kutu katika sakafu na chini ya milango ni ugonjwa wa mifupa, hata rangi ing'ae vipi. Ile ya aina ya Traveller ina fremu ya mbao kwa nyuma, nayo haikuwekwa kwa urembo, inabeba uzito. Mbao ikioza gari limeoza. (Kisiwa kilichojaza dunia sifa za milango yake ya mbao hakikosi seremala wa kurekebisha fremu hiyo, lakini kazi hiyo ina bei yake.) Volkswagen ya kobe ina sakafu inayofunguliwa kwa bolti, na panapooza mara nyingi ni chini ya kiti cha nyuma, penye betri. Land Rover ya kizamani ndiyo inayodanganya wengi. Bodi yake ni ya aluminiamu, haipati kutu ya chuma, na sumaku ambayo mnunuzi mjanja hubeba kutafuta puti iliyoficha kutu haitamsaidia kitu. Chesisi yake ni ya chuma. Mtu anaweza kununua mwili mzima usio na uti wa mgongo.

Kilomita zisimbabaishe mtu. Dashibodi za magari hayo ya Kiingereza huhesabu maili, nyingi zina tarakimu tano na hurudi sifuri zikijaa. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 85 hivi, na gari la mjini hufanya safari fupi fupi kati ya Darajani, Vuga na Malindi kwa sababu vichochoro vya Mji Mkongwe havilipitishi. Safari fupi huchosha injini kuliko safari ndefu, kwa kuwa haipati muda wa kupata joto sawasawa.

Karatasi ni nusu ya pili ya thamani, na hapa ndipo hadithi nyingi hufia. Gari lililobadilisha mikono mwaka 1964, kisha likarithiwa, kisha likauzwa kwa maneno mbele ya mashahidi, huenda kadi yake bado ina jina la marehemu. Thamani yake basi ni bei ya gari zima ukitoa gharama na hatari ya kuisafisha kadi hiyo, pamoja na hesabu ya kodi iwapo mnunuzi anataka kulivusha kwenda Bara. Dalali atasema lilikuwa gari la mfalme au la waziri. Madai ya namna hiyo yana bei pale tu yanapothibitika: Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yanahifadhi Rolls-Royce ya enzi za magavana ambayo Mwalimu Nyerere naye aliitumia, na thamani yake imesimama juu ya kumbukumbu za serikali. Bila picha, kadi au risiti, gari la mfalme ni gari tu.

Muuzaji atajitetea kwamba kisiwani magari haya yamebaki machache, na kwamba kuleta jingine kutoka nje kunamaanisha nauli ya meli na ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake. Ana haki kiasi. Lakini Morris Minor zilitengenezwa zaidi ya milioni 1.6 na Volkswagen ya kobe zaidi ya milioni 21, na spea zake bado zinatengenezwa. Uhaba wa Unguja si uhaba wa dunia. Wala bei inayolipwa na hoteli inayotaka gari la kupigia picha wageni mlangoni isiwe kipimo, maana gari hilo halitaingia tena barabarani. Na anayetaja kiasi alicholipa babu yake akumbuke kwamba mwaka 1966 dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14.

Hesabu, basi, ianzie kwenye bei ya gari zima la aina hiyo lenye karatasi safi Mombasa au Nairobi. Tuseme ni shilingi milioni 15 za Tanzania, na fundi wa bodi anataka milioni 6 kukata kutu na kuchomelea bati jipya. Bei haiwi katikati ya hizo mbili. Ni chini ya milioni 9, kwa sababu kutu inayoonekana daima ina nyingine isiyoonekana, na kadi isiyo safi itaishusha tena. Muuzaji anayetaka zaidi ya hapo alete kadi na risiti za fundi, kisha akubali gari lipandishwe juu lionekane chini. Akikataa kulipandisha, mnunuzi aondoke.