Kivinjari na Eneokazi la Mbali: Historia ya Jambo na Istilahi Zake

Makala haya yanahusu jambo ambalo sasa limekuwa la kawaida katika ofisi nyingi. Mtumishi aliye mbali na kituo chake cha kazi hufungua kivinjari katika kompyuta aliyo nayo, huandika anwani aliyopewa, hutaja jina lake na nenosiri, na mara huliona mbele yake eneokazi la kompyuta iliyoko kwingine. Mafundi wamekwisha kulitatua jambo hilo. Sisi wafasiri bado. Maelekezo wanayopewa watumishi huweza kuyatumia maneno "kufunga", "kukata" na "kutoka" kana kwamba ni neno moja, na mchanganyiko huo una madhara, kama tutakavyoonyesha. Ili kupata istilahi zilizo sawa, yafaa kwanza tuifuate historia ya jambo lenyewe, maana kila hatua yake iliacha neno.

Mashine moja, watu wengi

Wazo la kuitumia mashine iliyo mbali limezitangulia kompyuta ndogo za mezani. Mwezi wa Novemba 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa mbele ya mashine yake ya kupigia chapa. Mwaka 1964 John Kemeny na Thomas Kurtz wa chuo cha Dartmouth waliwafungulia wanafunzi wao mfumo wa namna hiyo, pamoja na lugha ya BASIC. Mwaka 1969 mtandao wa ARPANET ulianza kuziunganisha kompyuta za taasisi mbalimbali, na mwaka huohuo utaratibu wa Telnet, wa kuiendesha kompyuta ya mbali, ulianza kuandikwa.

Katika hatua hii kilichosafiri kwenye waya ni herufi tu. Lakini ndipo yalipoota mizizi mambo mawili tunayoyaita "kuingia" na "kutoka". Kwa kuwa mashine ilikuwa ya wengi, kila mtu alipaswa kujitambulisha alipoanza na kuaga alipomaliza, ili nafasi yake iachwe wazi. Kuinuka kitini hakukuwa kuaga. Jambo hili tutalirudia.

Kutoka herufi hadi picha

Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, ambayo kioo chake kilifananishwa na meza ya karani: majalada, nyaraka na kikasha cha barua. Kutokana na mfano huo Waingereza na Wamarekani wanakiita kioo cha kazi kwa jina la uso wa meza. Katika Kiswahili limetumika neno "eneokazi". Wako wanaosikitika kwamba meza imepotea, lakini sisi tunaona kuna faida. "Meza ya mbali" ingemfanya msomaji acheke. "Eneokazi la mbali" linaeleweka bila maelezo.

Picha ilipochukua nafasi ya herufi, ilibidi nayo ijifunze kusafiri. Mwaka 1984 MIT ilianzisha mfumo wa madirisha unaoitwa X. Wafasiri wanapaswa kuujua mfumo huu, kwa sababu ndani yake majina yamegeuzwa: "seva" ni programu iliyo mbele ya mtumiaji, inayomhudumia kwa kioo na kibodi, na "mteja" ni programu inayofanya kazi kwenye mashine ya mbali. Anayetafsiri kwa mazoea, akidhani kwamba seva ni mashine kubwa iliyo mbali daima, atampoteza msomaji wake.

Baadaye njia ziliongezeka. Kampuni ya Citrix, iliyoanzishwa mwaka 1989, ilitoa mfumo wa WinFrame mwaka 1995. Mwaka 1998 Microsoft ilitoa toleo la Windows NT 4.0 la kutumiwa na watu wengi kwa mbali, pamoja na utaratibu wa RDP. Katika mwaka huohuo maabara ya Olivetti na Oracle huko Cambridge, Uingereza, ilieneza mfumo wa VNC. Njia hizi zinatofautiana kwa ufundi, lakini msingi wao ni mmoja: kazi hufanyika kule, huku huletwa sura yake tu, na mibonyezo ya kibodi na kipanya hupelekwa kule.

Kivinjari kinaingia

Kivinjari cha kwanza kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika kituo cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwa ajili ya kusoma na kuandika kurasa. Kiswahili kiliteua neno zuri. Kuvinjari ni kuzungukazunguka huku ukiangalia, kama chombo kinachopita pwani kwa doria. Lakini katika eneokazi la mbali kivinjari hakizunguki tena. Kimetia nanga mahali pamoja na kugeuka dirisha.

Mageuzi hayo hayakuwa mepesi. Kivinjari cha miaka ya 1990 hakikuwa na uwezo wa kupokea picha inayobadilika kila mara, kwa hiyo kilitiwa programu za kupachikwa. VNC ilitumia vijiprogramu vya lugha ya Java, iliyotangazwa na kampuni ya Sun mwaka 1995. Microsoft ilitumia viungo vya ActiveX vilivyokubaliwa na Internet Explorer, na mwenye kivinjari kingine alibaki mlangoni. Maelekezo ya siku zile yalikuwa marefu: pachika hiki, ruhusu kile, punguza ulinzi wa kivinjari kwa tovuti hii. Programu hizo zilikuwa pia upenyo wa wadukuzi. Chrome iliondoa mfumo wa kuzipokea mwezi wa Septemba 2015. Firefox ikafuata mwezi wa Machi 2017, ikiacha Flash peke yake kwa muda. Na Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022.

Mahali pa programu hizo pamechukuliwa na uwezo wa kivinjari chenyewe. Utaratibu wa WebSocket, unaoacha njia wazi ya mazungumzo kati ya kivinjari na seva, ulichapishwa mwezi wa Desemba 2011. Kanuni za HTML5 ziliidhinishwa mwezi wa Oktoba 2014. Leo maandalizi ni machache: kutumia toleo jipya la kivinjari, kuhakikisha anwani inaanza na https, kuruhusu vidakuzi na madirisha ibukizi kwa tovuti ya ofisi tu, na kukubali matumizi ya ubao wa kunakili iwapo kanuni za ofisi zinaruhusu. Onyo la cheti halipuuzwi. Huripotiwa kwa wasimamizi. Mwongozo wa zamani unaomtaka mtumishi apunguze ulinzi sasa haufai hata kutafsiriwa.

Maneno matatu ya kuangaliwa

Neno la kwanza ni "pepe". Limezoeleka katika "barua pepe", na wengine wamelipeleka hadi "eneokazi pepe". Lakini mkulima wa mpunga anajua kwamba pepe ni punje isiyo na kiini. Eneokazi tunalolizungumzia lina kiini: lina nyaraka za kweli, mishahara ya kweli na siri za kweli. Pale ambapo jambo la kusisitiza ni umbali, tunapendekeza "eneokazi la mbali", na "pepe" liachiwe mafundi wanapoeleza mashine iliyoundwa kwa programu ndani ya mashine nyingine.

La pili ni "kupakua". Neno hili la bandarini na jikoni lina maana ya kutoa shehena au chakula kutoka kilimokuwa. Anayeitazama barua katika eneokazi la mbali hajaipakua, ameiona. Akiihifadhi, kwa kawaida imehifadhiwa kule. Mwongozo ukisema "pakua waraka uusome", mtumishi mtiifu ataiacha nakala ya waraka wa siri katika kompyuta ya duka la intaneti.

La tatu ni lile tulilolianza. Kufunga ni kufunga kichupo au dirisha. Kukata ni kukatisha mawasiliano, na katika mfumo wa RDP mtu afungaye dirisha kwa kawaida amekata tu: kazi yake inaendelea kule, programu zikiwa wazi, mpaka aiondoe mwenyewe au muda uliowekwa na wasimamizi uishe. Kutoka ni kuaga kama walivyoaga wale wa 1961, na nafasi ikaachwa wazi. Iwapo ukurasa wa kuingilia bado unamkumbuka kwa kidakuzi, anayekalia kiti baada yake anaweza kurejea palepale.

Kwa hiyo tunawashauri wafasiri wa miongozo ya ofisi waandike "toka, kisha funga", kwa mpangilio huo, na walimu waufundishe hivyo. Visawe vinapamba shairi. Katika mwongozo, kila tendo lipewe neno lake. Wasomaji wenye mapendekezo yaliyo bora kuliko haya tunawakaribisha wayalete, yapimwe kwa matumizi.