Merikani: kitambaa kilichomtii mnunuzi

Septemba 21, 1833, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walitiliana saini mkataba wa biashara mjini Muscat. Ushuru wa forodha ukawekwa asilimia 5, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, akashuka Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Kumbukumbu ya mkataba huo ikifika, wanaotajwa ni sultani na mabalozi. Mnunuzi hatajwi. Ni dhuluma, maana yeye ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho.

Watu wa Salem walifuata pembe za ndovu na sandarusi. Wao walileta merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, ambacho majora yake yalibebwa na wapagazi hadi Tabora na Ujiji. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, ambaye makala haya yanamfuata kwa karibu, anaonyesha kwamba chaguo la wateja wa pwani na bara liliviongoza viwanda vya mbali kuhusu kitu cha kufuma.

Waingereza walilijua hilo kwa hasara. William Ruschenberger, daktari wa manowari ya Marekani Peacock iliyofika Unguja mwaka 1835, aliandika kuwa Waingereza walikiiga kitambaa kile na kukigonga mihuri ya Kimarekani. Wanunuzi hawakukubali. Walikwisha kuivaa merikani halisi na kuifua, wakajua inavyodumu. Kwa kuhofia kudanganywa, wakakataa kabisa kununua kwa Mwingereza. Ruschenberger alikuwa akisifu bidhaa za kwao, hilo tulikumbuke. Lakini ushahidi wake unawapa sifa zaidi wateja wa Seyyid Said.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa shanga. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akijiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta mmisionari David Livingstone, alihangaika kuzichagua: Unyamwezi walitaka nyekundu, na zile nyeusi zilizokuwa fedha Ugogo hazikuwa na thamani kwingineko. Msafara uliokosea rangi ungelala njaa.

Wala tusifiche ubaya wa biashara hiyo. Merikani hiyohiyo ilinunua pia watumwa, na kitabu cha mwanahistoria Abdul Sheriff kuhusu Zanzibar ya karne ya 19 kinaufungamanisha utumwa na biashara ya pembe na karafuu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata upatikanaji wa pamba, na baadaye viwanda vya Bombay vikalitwaa soko. Mwaka 1968 Tanzania ikapata kiwanda chake cha nguo cha Urafiki kwa msaada wa China. Leo madukani tunajaziwa vitenge vya nje.

Zanzibar inastahili chumba cha makumbusho chenye merikani, kaniki na shanga, na majina ya miji ya bara iliyozichagua. Nanyi wenye viwanda, kabla ya kuagiza mashine nyingine, nendeni Kariakoo mkawaulize akina mama wanataka kitambaa gani.