Tochi ya kichwa ikikosekana sokoni

Huko Kamituga, Kivu Kusini, mchimbaji wa dhahabu hashuki shimoni bila tochi ya kichwa, maana mikono yote miwili iko kazini. Shida inaanza siku ile aliyozoea inakufa na muuzaji anamwambia: hiyo aina haitengenezwi tena.

Wengi wanatafuta ingine yenye sura ile ile. Sura haisaidii. Afungue kwanza ya zamani, aangalie betri. Tochi nyingi za kuchaji zinatumia betri ya lithiamu inayoitwa 18650: upana milimita 18, urefu milimita 65, volti 3.7. Akipata tochi inayopokea hiyo, betri zake ambazo zingali nzima zitaendelea kufanya kazi, na chaja ni ile ile. Tochi isiyofunguka ni bei kidogo, lakini betri ikichoka, yote inatupwa.

Kwa betri mpya, maandishi yanadanganya sana. Ikiandikwa mAh 9,900, ni uongo mtupu: 18650 nzuri kabisa haifiki hata nusu ya hiyo. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 45. Ikiwa nyepesi sana mkononi, amuachie muuzaji. Iliyovimba ao kuchubuka ngozi inaweza kushika moto.

Mbele ya kushuka nayo, aiwashe nyumbani mpaka izimike yenyewe, ahesabu saa. Na hata ikidumu usiku muzima, ya pili ikae mfukoni: shimoni, kuzimikiwa ni kubaki bila njia.