Rozari Chini ya Kitenge

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walifungua misheni ya Mugera, karibu na Gitega nchini Burundi, mwaka 1899. Hadi leo sisi Wakatoliki huhiji huko Agosti 15, kila mtu na shida zake.

Lakini imani yetu ilipimwa zaidi majumbani. Miaka ya 1980, serikali ya Jean-Baptiste Bagaza ilifukuza wamisionari na kuzuia Misa za siku za kazi. Kwetu Muyinga, bibi yangu alisalia jikoni, maharage yakitokota, vidole vikihesabu punje za rozari chini ya kitenge. Hakujua kusoma; Zaburi alizihifadhi kichwani.

Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Septemba 1987, vizuizi vililegezwa. Vita ikazuka 1993, na Septemba 1996 Askofu Mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, akauawa.

Sala haikuturudishia wafu wetu. Iliwapa wafiwa nguvu ya kuamka, kushika jembe na kulea yatima. Ndiyo maana nawafundisha wanangu Zaburi ya 23 mapema, kabla siku ngumu hazijabisha hodi.