Herufi zilizosubiri ruhusa

Laptopu ya mtumba ya inchi 14 mara nyingi huwa na kioo cha nukta 1366 kwa 768. Kijana wa Tunduma au Vwawa, mkoani Songwe, Tanzania, anayejifunza kuandika programu akiweka Linux kwenye mashine ya namna hiyo, kila herufi ndogo hupata nukta chache tu za kujichora. Mguu wa "m" ukiangukia katikati ya nukta mbili, unavimba au unafifia. Msomaji wa barua pepe atavumilia. Mwandika programu, ambaye kutwa nzima anatofautisha sifuri na O, au 1 na l, ataumia macho.

Leo tatizo hilo lina dawa, na dawa ni bure. Kilichoichelewesha kwa miaka mingi ni sheria. Ufundi ulikuwepo.

Linux ilipozaliwa mwaka 1991, ilitegemea mfumo wa X wa kuchora madirisha, ulioanzishwa chuoni MIT mwaka 1984. Herufi zake zilikuwa picha zilizochorwa nukta kwa nukta, kila ukubwa na picha zake. Zilisomeka, ila zikikuzwa zilivunjika kingo. Mwaka 1996 David Turner alianza FreeType, programu huria ya kusoma fonti za TrueType. Ndani ya fonti hizo mna maelekezo yanayoiambia kompyuta isogeze wapi mguu wa herufi ili ukae sawasawa juu ya nukta.

TrueType ilibuniwa na Apple, na sehemu ya ufundi huo ilikuwa chini ya hataza zake, yaani haki za kipekee za mvumbuzi. Watengenezaji wa FreeType walishaandika sehemu ya kusoma maelekezo hayo, lakini waliiacha imezimwa na kubuni njia yao ya kukadiria. Watu wa Tunduma wanalijua lori lililo tayari na dereva aliye tayari, lakini halivuki mpaka kwa sababu ya karatasi. Hataza zilikwisha Mei 2010, na Julai mwaka huohuo toleo la FreeType 2.4 likaiwasha sehemu hiyo. Mbinu ya kutumia vijisehemu vya nyekundu, kijani na buluu ndani ya kila nukta, ambayo Microsoft iliitangaza mwaka 1998 kwa jina la ClearType, ilisubiri hadi hataza zake zilipokwisha mwaka 2019.

Katika miaka hiyo ya kusubiri, kazi nyingine haikusimama. Kuanzia mwaka 2000, Keith Packard alileta zana ziitwazo Xft na kisha Fontconfig, na madirisha ya Linux yakaanza kuonyesha herufi laini. Programu za kuandikia programu ndizo zilizobaki nyuma. NetBeans na IntelliJ IDEA zimejengwa kwa Java, na Java ilichora herufi zake yenyewe bila kuuliza mipangilio ya kompyuta. Ungeweza kuwa na herufi safi kwenye menyu za mfumo, na ukifungua NetBeans ukakuta herufi zenye kingo kali. Java 6, iliyotoka Desemba 2006, ndiyo iliyoanza kufuata mipangilio ya mfumo.

Zilibaki fonti zenyewe. Mwaka 2003 kampuni ya Bitstream ilitoa fonti za Vera kwa ajili ya mifumo huria, na mwaka uliofuata mradi wa DejaVu ukaanza kuziongezea herufi za lugha nyingine nyingi.

Hapo ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapoingia. Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una wasemaji wa Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali na Kibungu. Jirani zao Wamalila wana lugha yenye irabu 7, na mbili kati yake huandikwa kwa i na u zilizokatwa mstari: ɨ na ʉ. Wanaisimu wa shirika la SIL, ambalo lina kazi Mbeya, walihitaji herufi za aina hiyo kila siku, katika enzi ambayo kompyuta nyingi zilizionyesha kama visanduku vitupu.

SIL ilitengeneza fonti zake: Doulos, Charis na Gentium, hii ya mwisho ikiwa kazi ya Victor Gaultney. Kisha Gaultney na Nicolas Spalinger wakaandika leseni iliyotoka mwaka 2005, Open Font License. Masharti yake ni mepesi: tumia, badilisha, gawa, hata uza pamoja na programu, usiiuze fonti peke yake, na fonti utakayozalisha kutokana nayo ibaki chini ya leseni hiyohiyo.

Leseni iliyoandikwa na watu wanaoshughulikia lugha ndogo ikawa ya waandika programu duniani kote. Source Code Pro ya Adobe ya mwaka 2012 iko chini yake. Vivyo hivyo Fira Code, Cascadia Code ya Microsoft ya mwaka 2019, na JetBrains Mono iliyotoka 2020.

Kwa hiyo kijana wa Tunduma ana fonti za kuchagua, na kwenye kioo chake kidogo anaweza kujaribu viwango vya kunyoosha herufi mpaka macho yatulie. Akitaka kutengeneza kamusi ya Kimalila, aanze kwa kuandika ɨ na ʉ. Fonti isipokuwa nazo, leseni inamruhusu kuzichora na kuziongeza mwenyewe, mradi aipe jina jipya pale ambapo mwenye fonti amelihifadhi la kwanza.