Kabla Hujapiga Windows Upya

Flopi zipatazo 20,000 ziliingia posta za London Desemba 1989. Lebo ilisema zina maelezo kuhusu UKIMWI, na kwa miaka ile nani angeitupa? Programu yenyewe ilifanya kazi kweli: ilikuuliza maswali, ikakupimia hatari ya kuambukizwa. Huku chini kwa chini ilihesabu kila unapowasha kompyuta. Ikifika mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa, na skrini ikadai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta Panama.

Aliyeshtakiwa Uingereza ni Joseph Popp, Mmarekani msomi wa viumbe kutoka Harvard. Kenya aliijua: aliwahi kutafiti nyani wa Maasai Mara. Mahakama ikaona akili yake haikuwa timamu kiasi cha kusimama kizimbani, mambo yakaishia hapo.

Mimi ninawawaza zaidi waliopokea flopi. Yaliyomo ndani ya mafaili hayakuguswa; majina tu ndiyo yalifichwa, na ufunguo ulikuwa ndani ya programu ile ile. Jim Bates, Mwingereza aliyeichambua, akaandika programu ya kuyarudisha. Lakini wapo waliokwishafuta diski zao zote kwa woga. Hao walijimalizia wenyewe.

Ndiyo maana hapa Mwembe Tayari, Mombasa, ninakotengeneza kompyuta, nagombana na wateja. Mtu ameshusha krak ya Photoshop, yaani ya kuitumia bila kulipia, picha zote zimefungwa, na kuna barua inamdai dola 980, au nusu yake akiwahi ndani ya saa 72. Anachotaka kwangu: "Fundi, piga Windows upya." Yaani nifute kila kitu.

Ngoja kwanza. Wezi wa sasa si wa enzi za Popp. Tangu 1996 wataalamu Young na Yung walikwishaonyesha kwamba ufunguo wa kufungulia unaweza kubaki kwa mwizi peke yake. Lakini wezi nao huteleza. Kirusi kiitwacho STOP, kinachopenda sana hizo krak, kikishindwa kufikia seva ya wezi hao hutumia ufunguo mmoja kwa watu wengi. Aliyeishiwa bando saa ile, basi, huenda akawa na bahati. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure programu ya kufungua aina 148 za kirusi hicho. Aliyekuwa amefuta mafaili yake mwaka mmoja kabla angefungua nini?

Kwa hiyo nazima intaneti, nang'oa kirusi, nakopi mafaili yaliyofungwa pamoja na ile barua kwenye diski ya nje, ndipo napiga Windows. Wengine hununa kulipia diski ya kuwekea, wanavyosema wao, takataka. Kila baada ya muda napitia No More Ransom, tovuti iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, kutazama kama ufunguo umepatikana. Mara nyingi bado.