Wakimbizi wa Dini wa Buganda na Usalama wa Majirani, 1888–1892

Mwaka 1888 Buganda ilikuwa na Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti, na makundi yote matatu yalikuwa na watu wachache mbele ya umma ulioabudu lubaale, miungu ya jadi. Uchache huo haukuwa unyonge, kwa kuwa wasomaji, kama walivyoitwa, walikuwa vijana wa ikulu wenye bunduki. Kabaka Mwanga, aliyewachoma Wakristo Namugongo tarehe 3 Juni 1886, ndiye huyo huyo aliyewakabidhi vikosi. Septemba 1888 akapanga kuwatelekeza wote kisiwani, wakamwahi, wakamng'oa. Oktoba Waislamu waliwafukuza Wakristo, na Kiwewa, Kabaka mpya, alipokataa kutahiriwa, wakamtawaza Kalema.

Hapo ugomvi wa Mengo, makao ya Kabaka, ukawa wa majirani. Wakristo walikimbilia Nkore, na mfalme wake, Mugabe Ntare V, akawapa makazi Kabula, mpakani. Wageni hao walikuja na silaha na viongozi wao, akiwamo Apolo Kagwa. Haukupita muda Kabula ikawa kambi ya vita, apende mwenyeji asipende. Mwanga naye alishuka kusini mwa ziwa, kwanza Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, kisha Bukumbi kwa mapadre Wakatoliki, ambao baadhi ya waumini wao aliwaua.

Lakini kambi bila baruti ni kijiji tu, na hapa ndipo Tabora inapoingia. Bunduki nyingi za nchi za maziwa zilipanda kutoka pwani mabegani mwa wapagazi Wanyamwezi kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora. Biashara hiyo ilikuwa hasa ya Waarabu na Waswahili, ambao wenzao wa Buganda walimuunga mkono Kalema. Aliyewapa Wakristo njia nyingine ni Charles Stokes, Mwairishi aliyeacha umisionari akawa mfanyabiashara. Alioa katika ukoo wa Mtemi Mitinginya wa Usongo, kaskazini mwa Tabora, na undugu huo ulimpatia wapagazi. Mwaka 1889 alimvusha Mwanga kwa mashua na kupeleka silaha. Oktoba Wakristo waliingia Mengo, wakatolewa, wakarudi Februari 1890. Tabora kwenyewe, chini ya Mtemi Isike, misheni ya Kikatoliki ya Kipalapala ilifungwa mwaka huo huo wa 1889, wakati vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani huko pwani vilipofanya kila Mzungu ashukiwe.

Sasa zamu ya kukimbia ilikuwa ya Waislamu. Walikwenda Bunyoro, na mfalme wake, Omukama Kabalega, adui wa Buganda wa siku nyingi, akawapokea kama askari. Mpaka wa kaskazini haukutulia. Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwashinda Waislamu hao Mei 1891, na hifadhi ile ikawa mojawapo ya sababu walizotoa Waingereza za kumvamia Kabalega.

Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana wenyewe Mengo. Wakatoliki walioshindwa walielekea jimbo la Buddu, na Mwanga akavuka hadi upande wa Bukoba. Safari hii mwenye nchi alikuwa Mjerumani, na mpaka alioukanyaga ulikuwa umekubaliwa Ulaya Julai 1890.